Biashara Ndogo na Mitandao ya Picha: Kisaka, Serengeti na Tarime

Mitandao ya kijamii ya picha ni ile ambayo mzigo wa ujumbe hubebwa na picha au video, na maneno huja baadaye kama maelezo. Instagram, iliyoanza Oktoba 2010 na kununuliwa na Facebook mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, ndiyo iliyoutangaza mtindo huu duniani. Pinterest nayo ni ya mwaka 2010. TikTok ilianza kusambaa nje ya China mwaka 2017 na ikapata nguvu Agosti 2018 ilipounganishwa na Musical.ly. Kwa Tanzania orodha hiyo haitimii bila WhatsApp. Kwa asili ni programu ya kutumiana ujumbe, lakini tangu Februari 2017 ina sehemu ya status, ambako picha na video hukaa saa 24 kisha zikafutika. Mfanyabiashara mdogo wa kijijini anaweza kupata mauzo mengi zaidi kwenye sehemu hiyo kuliko kwenye mitandao yenye majina makubwa, na sababu yake imo katika namna inavyofanya kazi.

Tuchukue mfano wa Kisaka, kata ya Wangoreme katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Makao makuu ya wilaya ni Mugumu. Kaskazini, ng'ambo ya mto Mara, ni nchi ya Wakurya: Nyamongo penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, mji wa Tarime, halafu Sirari ambako barabara ya kutoka Mwanza inaingia Kenya. Kusini na mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Biashara ndogo za eneo hili ni zilezile za vijiji vingi vya Tanzania: duka la rejareja, cherehani chini ya baraza, saluni ya kusuka, karakana ya seremala, kuku wa kienyeji, ununuzi wa nafaka, asali, na mifugo inayopelekwa mnadani. Karibu zote huishi kwa mtu anayepita mbele ya mlango na kwa siku ya mnada. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namna ya kupata wafuasi wengi, kuna swali la kutangulia: ni mteja gani asiyepita mlangoni ambaye picha inaweza kumfikia, naye akaweza kulipa na kupokea mzigo?

Wateja wa namna hiyo ni wa aina nne, na hawafanani. Yupo jirani wa kata ya pili, ambaye angependa kujua kama bidhaa ipo kabla hajatoa nauli ya bodaboda. Yupo mwana wa Kisaka anayefanya kazi Mwanza, Dar es Salaam, Arusha au Nyamongo, ambaye mara nyingi ndiye anayelipa ingawa anayepokea ni mama yake kijijini. Yupo mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa Wakurya wako pande zote mbili, Tarime na kaunti ya Migori. Na yupo mtalii, pamoja na hoteli na kambi zinazomhudumia. Kosa la kwanza katika utangazaji wa mtandaoni ni kuwatupia wote wanne picha moja kwenye ukurasa mmoja.

Status ya WhatsApp huonekana tu kwa mtu ambaye namba yake imehifadhiwa na mwenye duka, naye pia awe ameihifadhi ya mwenye duka. Sharti hilo linaonekana kama upungufu, lakini kwa biashara ya kijijini ndilo faida yenyewe. Watazamaji wote wanajuana na muuzaji: wamesoma naye, wamesali naye, wamekutana kwenye kamati ya harusi au wamenunua kwake zamani. Hakuna haja ya kujitambulisha upya kila siku, na utapeli unakuwa mgumu kwa pande zote mbili kwa sababu nyumba ya kila mmoja inajulikana. Zaidi ya hapo, muuzaji anaona majina ya waliotazama. Akiona shangazi wa bwana harusi ametazama picha za vitenge zilizowekwa siku tatu tofauti katika wiki moja, anajua pa kupiga simu. Kwa duka la Kisaka, taarifa hiyo ina thamani kuliko idadi ya wafuasi wa Instagram.

Matokeo yake ni kwamba kazi kubwa ya utangazaji hufanyika nje ya mtandao. Kila mteja anayelipa dirishani aombwe namba na aombwe kuhifadhi ya duka papo hapo, muuzaji akimwona anavyoandika. Bila hatua hiyo ya dakika moja, picha nzuri zinatazamwa na watu ishirini walewale. WhatsApp Business, iliyotolewa Januari 2018 bila malipo, inaongeza katalogi ya bidhaa (tangu Novemba 2019), saa za kazi, na alama za kutenganisha aliyeulizia, aliyeagiza na aliyelipa. Wengi huipakua, wakaweka nembo na kuishia hapo, ilhali katalogi ndiyo inayopunguza kazi ya kutuma picha zilezile kwa kila anayeuliza.

Status pia ina mpaka wake: haimfikii mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe. Kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), laini za intaneti nchini zimevuka milioni 40, lakini hizo ni laini, si watu, na mtu mmoja huwa na laini mbili au tatu. Katika kaya nyingi za kijijini simu janja ni moja, tena iko kwa kijana. Picha ya pampu ya maji au mbegu humfikia baba kupitia kwa mwanawe, na bidhaa inayoamuliwa na wazee inahitaji maelezo ambayo kijana anaweza kuyasimulia kwa mdomo: bei, kipimo, inapatikana wapi.

Mitandao ya picha iliingia Kisaka kwanza kama mshindani wa duka la Kisaka, na jambo hili husahaulika kila semina ya ujasiriamali inapofunguliwa. Maneno “tunatuma mikoani” chini ya picha za maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, yalimpa mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi wa zahanati uwezo wa kuagiza viatu huko, akalipa kwa simu na kupokea mzigo stendi. Duka la nguo la Kisaka au la Mugumu lililokuwa linamtegemea likampoteza bila kujua.

Kutokana na hali hiyo ikazaliwa biashara nyingine, ambayo sasa pengine ndiyo ya kawaida zaidi kwenye status za wanawake na vijana wa mkoa mzima. Mtu anajiunga na kundi la WhatsApp la muuzaji wa jumla, anachukua picha za vitenge, viatu au vyombo, anaziweka kwenye status yake na kuongeza faida yake juu ya bei. Hana duka, hana stoo, na mtaji wake ni bando pamoja na kuaminiwa. Akipata oda, anapokea fedha, anaagiza, anasubiri basi. Ni njia halali na nyepesi ya kuanzia, lakini hatari yake inaangukia kwenye kitu kilekile anachokiuza, yaani kuaminiwa. Kitenge kikija rangi nyingine, anayelaumiwa ni jirani aliyekitangaza, wala si mwenye duka la Kariakoo asiyejulikana. Anayedumu katika biashara hii kwa kawaida huagiza kwanza kimoja kwa fedha yake, akakishika, akakipiga picha upya akiwa Kisaka, ndipo akatangaza. Picha hiyo huwa mbaya kuliko ya Kariakoo, na huuza zaidi.

Facebook inafaa pale status inapoishia. Makundi yake ya mauziano huwafikia watu wasio na namba ya muuzaji, na watu wazima wengi bado wako huko. Instagram ni ya mijini zaidi, hivyo inamfaa mwenye bidhaa inayoweza kusafiri: asali iliyofungashwa vizuri, kahawa ya Tarime iliyokaangwa, vikapu, nguo za kushonwa. Pinterest haiuzi chochote Kisaka. Inatumika kwa njia nyingine: mteja anakuja na picha ya kochi au mshono aliouona huko, fundi anauiga. Fundi mwerevu huweka kando picha aliyoletewa na kutangaza ile ya kazi iliyotoka mikononi mwake, maana atakayekuja kesho atadai kilekile alichokiona.

TikTok ni habari tofauti kwa sababu haimtegemei anayejulikana. Mfumo wake humwonyesha mtu video kwa kupima kama ataitazama hadi mwisho, bila kujali kama anamfuata aliyeiweka. Mfano unaojulikana zaidi Tanzania wa video fupi kufika mbali hivyo, kwenye TikTok na Instagram, ni Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, ambaye pamoja na dada yake Neema aliigiza nyimbo za Kihindi mbele ya simu, na Februari 2022 akapewa heshima na Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam na kutajwa na Waziri Mkuu Narendra Modi katika hotuba yake ya redio. Video iliyopigwa malishoni ilifika India. Lakini alichokuwa akikitoa ni burudani, na burudani haisafirishwi kwa basi. Seremala wa Kisaka akitazamwa na watu laki moja wa Mombasa, Lubumbashi na Muscat, bado hana njia ya kuwafikishia kabati. Kutazamwa sana kuna faida ya moja kwa moja kwa wachache: mpiga litungu (ala ya nyuzi) anayetafuta mialiko ya harusi, mshereheshaji, kikundi cha ngoma, mpiga picha wa sherehe. Kwao video yenyewe ndiyo bidhaa.

Hivyo bidhaa nazo hazilingani. Picha inauza kitu ambacho jicho linatosha kukihukumu: misuko, keki, mapambo ya ukumbi, nguo, milango ya chuma. Kwa saluni na mapambo, picha ya kazi iliyokamilika ndiyo ushahidi wote anaouhitaji mteja. Picha inasaidia nusu kwa kitu kinachohitaji pua, ulimi au mkono, kama asali, dagaa au unga wa muhogo. Hapo kinachouza ni ushuhuda wa aliyekwisha kununua. Kwa mahindi na ndizi za Tarime zinazouzwa kwa wingi, kinachomsukuma mnunuzi ni bei ya siku na uwezo wa gari kufika shambani. Picha ni ya kumhakikishia tu kwamba mzigo upo.

Mifugo inastahili neno la peke yake. Ng'ombe hupendeza sana kwenye video, na mnunuzi wa mbali huvutiwa. Hata hivyo video haionyeshi umri, uzito wala afya, na mnyama haondoki bila kibali cha kusafirisha mifugo. Tanzania ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo tangu 2010, na katika nchi ambako wizi wa ng'ombe una historia ndefu, mnunuzi makini atauliza hereni ya utambuzi na mwenye mali kabla ya bei. Tena kuna upande wa muuzaji. Kuonyesha hadharani zizi lililojaa, pamoja na mahali lilipo, ni kumpa mwizi ramani. Video ya mnyama mmoja aliyefungwa pembeni, bila kuonyesha boma, inatosha kwa kazi yote ya kibiashara.

Picha yenyewe haihitaji simu ya bei kubwa. Simu za kawaida za Tecno, Infinix au itel zina kamera inayotosha kwa skrini ya simu nyingine. Kinachoharibu kwanza ni mwanga. Kitenge kilichopigwa chini ya turubai la bluu kinatoka na ubluu, na mteja akikipokea anaamini amedanganywa. Kivuli cha nyumba saa mbili au saa tatu asubuhi, ukuta usio na maandishi nyuma, na lenzi iliyofutwa vumbi hutatua mengi. Jambo la pili ni kipimo: kapu lisipowekwa mkononi mwa mtu halijulikani kama ni la mayai au la gunia. La tatu ni hatua za kazi. Seremala anayeonyesha mbao zikirandwa, kisha kiunzi, kisha kabati, anajibu bila maneno swali la mbao gani zimetumika. Video ziwe fupi, na si kwa ajili ya urembo tu: mtazamaji ananunua bando kwa fedha yake, na video nzito huiruka.

Kuhusu bei, desturi ya kuandika “njoo inbox” ina sababu zake. Muuzaji anataka kumpima mteja, anaogopa mshindani wa jirani, anaacha nafasi ya kupatana. Mjini inavumilika. Kijijini inafukuza wateja, kwa kuwa anayeona haya kuuliza bei asiyoimudu mbele ya mtu anayemjua hataandika kabisa. Kuweka bei hadharani hakuzuii kupatana. Kunampa mteja mahali pa kuanzia.

Baada ya bei huja imani, na hapa hali ya Tanzania ina historia yake. Ujumbe wa matapeli wa “ile pesa tuma kwa namba hii” umemfundisha kila mtu kutilia shaka namba asiyoijua. Fedha za simu zilipoingia nchini kwa M-Pesa mwaka 2008 zilirahisisha malipo ya mbali, lakini malipo yakishatoka kuyarudisha ni shughuli. “Lipa namba”, yaani namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara, husaidia, kwa kuwa mlipaji huona jina hilo kabla ya kuthibitisha. Kwa mteja wa mbali, picha ya stakabadhi ya parseli na namba ya gari inafanya kazi kuliko ahadi. Muuzaji naye ajilinde: ujumbe wa malipo uliopigwa picha ya skrini hughushiwa, hivyo mzigo usitoke kabla ya kutazama salio lake mwenyewe. Kwa upande wa Kenya, tangu 2015 inawezekana kutumiana fedha kati ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania na ya Safaricom, jambo linalomwezesha mteja wa Isebania au Kehancha kulipa kabla ya mzigo kuvuka Sirari. Taratibu za forodha zinabaki palepale.

Usafirishaji ndio unaoweka mipaka ya soko kuliko mtandao. Bodaboda huunganisha kata na Mugumu au Tarime, na mabasi hubeba parseli hadi Musoma, Mwanza na, kwa njia inayokatiza hifadhini, Arusha. Kinachoingia kwenye boksi na kustahimili siku mbili kinaweza kutangazwa nchi nzima. Kisichoweza, kitangazwe kwa wanaoweza kufika, au kwa mwana wa Kisaka aliye mjini anayetaka kipelekwe nyumbani kwao. Huyu wa mwisho ni mteja bora asiyetangaziwa vya kutosha. Anayelipia bati, godoro au kitanda cha mama yake kutoka Dar es Salaam hana namna ya kukikagua isipokuwa picha, na picha ya godoro likiwa tayari limeshushwa uani, mama amekaa juu yake kwa hiari yake, itamfanya awaambie ndugu zake wote.

Mtalii anavutia fikra kuliko mfuko. Serengeti, hifadhi tangu 1951 na Urithi wa Dunia tangu 1981, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa picha zaidi Afrika, na filamu ya The Royal Tour ya mwaka 2022 iliongeza macho. Lakini watalii wengi hulipia safari nzima kabla hawajaondoka kwao, na hupita vijijini ndani ya gari. Ukurasa wa Instagram wa mwenye vikapu wa Kisaka unawafikia kwa nadra. Njia fupi zaidi ni waongozaji wa watalii, madereva na maofisa ununuzi wa kambi za Ikoma, Natta na Robanda, ambao wanatumia WhatsApp kama watu wengine: katalogi ya mboga, mayai, asali na vikapu, yenye bei na kiasi kinachopatikana kila wiki, ina maana kwao. Bei ziandikwe kwa shilingi, kwani kanuni za Machi 2025 zilizuia kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Upigaji picha wa kibiashara ndani ya hifadhi unahitaji kibali, na droni hairuhusiwi bila idhini. Picha za ngozi, pembe au nyama ya wanyamapori zinazotangazwa kuuzwa bila kibali ni ushahidi wa kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na aliyeziweka ndiye aliyejiandikia maelezo polisi.

Sheria nyingine zinamfuata mfanyabiashara hata kama duka lake liko kwenye simu tu. Leseni ya biashara na namba ya mlipakodi zinahitajika, na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) iliwataka wauzaji wa mtandaoni wajisajili. Chakula kilichofungashwa, ikiwemo asali ya kwenye chupa, kiko chini ya Shirika la Viwango (TBS). Mjasiriamali mdogo anaweza kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, linalomtambulisha huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake. Saluni inayoweka kichwa cha mteja mtandaoni inapaswa kumwomba kwanza, na watoto wa kijiji wasitumike kama pambo la tangazo la vikapu.

Gharama hupimwa vibaya kwa sababu huingia kidogo kidogo: bando, kuchaji, muda wa kujibu, nauli ya kupeleka mzigo ambao mteja ameukataa. Daftari lenye safu tatu, yaani walioulizia, walioagiza na waliolipa, litaonyesha katika miezi miwili ni picha zipi zilileta fedha. Mara nyingi jibu linashangaza, maana iliyopendwa na wengi siyo iliyouza. Matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram yana maana tu baada ya hapo, tena kwa mwenye kadi ya kulipia na eneo la usafirishaji lililo wazi. Kulipa ili tangazo la chapati lionekane Mbeya ni kuchoma fedha.

Mwisho kuna suala la kutegemea chombo cha mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kwa takriban saa sita. Oktoba 2020 mitandao ilibanwa wakati wa uchaguzi mkuu, na kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Akaunti nazo huibwa, hasa zisizo na uthibitisho wa hatua mbili, na mwizi huanza kwa kuomba fedha kwa jina la mwenye duka. Namba za wateja, madeni na oda zinapaswa kunakiliwa nje ya programu hizo, kwenye karatasi au, kwa namba, kwenye laini ya simu. Intaneti ikikatwa lakini mtandao wa simu ukabaki, ujumbe mfupi wa maneno na simu ya kawaida vinatosha kumweleza mteja kwamba mzigo wake uko njiani, naye mwenye kitochi anaupata sawasawa na mwenye simu janja.